GREGOR MENDEL: MTAWA ALIYEFELI MTIHANI, AKAPELEKWA CHUO KIKUU

Na Frateri wa mwaka wa pili, Falsafa



Mpendwa msomaji, kijana yeyote anayeanza leo masomo ya biolojia ya molekuli chuo kikuu, awe Dar es Salaam, Nairobi au Roma, hukutana mapema na njegere za mtawa mmoja. Kabla hajafundishwa DNA ni nini, anafundishwa habari za Padre Gregor Mendel, Mwaugustino wa mji wa Brno. Wengi wetu tulimsikia tukiwa sekondari, tukachora majedwali yake ya herufi kubwa na ndogo, tukafaulu mtihani, tukasahau. Hatukuambiwa kwamba yeye mwenyewe alifeli mtihani, tena uliohusu somo hilohilo ambalo dunia inamkumbuka kwalo. Hatukuambiwa pia kwamba kama mkuu wake wa nyumba asingeamua kumpeleka shule baada ya kufeli, huenda njegere zile zisingepandwa kamwe.

Makala hii inasimulia maisha yake, nami nitakaa zaidi kwenye miaka miwili aliyokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Vienna. Nadhani kuna jambo pale kwa ajili yetu tulio katika malezi.

Kuzaliwa na utoto wake

Alizaliwa mwezi Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo huitwa Hynčice na kiko katika Jamhuri ya Czech. Wakati huo eneo lile lilikuwa chini ya Dola ya Austria, na watu wa kijijini kwao walisema Kijerumani. Alibatizwa kwa jina la Johann. Wazazi wake, Anton na Rosine, walikuwa wakulima. Baba yake alikuwa na shamba lake, lakini kwa sheria za enzi hizo alilazimika kwenda shokoa siku tatu kila wiki katika shamba la bwana mkubwa, bila malipo. Johann alikuwa mtoto wa kiume pekee katikati ya dada wawili, Veronika aliyemtangulia na Theresia aliyemfuata.

Paroko wao, Padre Johann Schreiber, alipenda sana kilimo cha matunda. Aliwafundisha wanakijiji kupandikiza vikonyo vya miti bora juu ya mashina yao, na shuleni watoto walijifunza pia kufuga nyuki. Kwa hiyo masomo ya kwanza ya Mendel kuhusu viumbe hai aliyapata kwa paroko na kwa baba yake, mikono ikiwa na udongo.

Walimu waliona kichwa chake ni chepesi, wakashauri aendelee na shule. Wazazi walikubali, lakini uwezo ulikuwa mdogo. Alipokuwa sekondari katika mji wa Troppau, familia iliweza kumlipia nusu tu ya chakula, hivyo nusu ya pili aliitafuta mwenyewe au alilala na njaa. Mwaka 1838 baba yake aliangukiwa na mti akiwa kazini na hakupona sawasawa. Kuanzia hapo Johann alijitegemea kwa kuwafundisha wenzake masomo ya ziada.

Mwaka 1840 alijiunga na taasisi ya falsafa ya Olmütz, leo Olomouc. Naam, naye alipita falsafa kama sisi. Huko alikosa wanafunzi wa kufundisha, fedha zikaisha, akaugua na kurudi nyumbani kwa muda mrefu. Aliyemwokoa ni mdogo wake Theresia. Binti huyo alitoa sehemu ya mali aliyotengewa kwa ajili ya kuolewa kwake ili kaka amalize shule. Mendel hakusahau wema huo. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto watatu wa kiume wa dada yake, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Utawa

Mwalimu wake wa fizikia, Friedrich Franz, alimpendekeza kwa Waaugustino wa Abasia ya Mtakatifu Tomaso huko Brno, mji ambao Wajerumani waliuita Brünn. Alipokelewa mwaka 1843 na kupewa jina la kitawa Gregor. Yeye mwenyewe, katika maelezo mafupi ya maisha yake aliyoyaandika mwaka 1850, hakuficha kwamba hali ngumu ya maisha ilichangia uamuzi wake. Alihitaji mahali ambapo hangehangaika kila siku kutafuta mkate. Tusiharakishe kumhukumu. Mungu huwaita watu kwa njia nyingi, na mtu huyu alidumu katika utawa kwa miaka 40, hadi kufa.

Abasia ile haikuwa mahali pa kujificha. Abate wake, Cyrill Napp, aliamini kwamba watawa wanapaswa kusoma na kufundisha. Kulikuwa na maktaba kubwa, bustani ya mimea, na ndugu waliofundisha falsafa, hisabati na lugha mjini. Mendel alisoma teolojia na kupadrishwa mwaka 1847.

Baada ya hapo alipewa kazi ya kichungaji, na ndipo shida ilipoanza. Alipokwenda kuwahudumia wagonjwa na watu walio kufani, alishikwa na uchungu mkubwa kiasi kwamba yeye mwenyewe aliugua. Hakuwa mvivu wala hakukosa huruma. Alishindwa kubeba alichokiona. Abate Napp angeweza kumwambia ajikaze, au kuandika katika faili lake kwamba hafai. Badala yake alimwondoa katika huduma ile na mwaka 1849 akamtuma kufundisha sekondari katika mji wa Znaim, leo Znojmo. Huko ilionekana mara moja kwamba padre huyu ana kipaji cha ualimu.

Mtihani wa 1850

Sheria mpya ilimtaka kila mwalimu wa sekondari afanye mtihani wa serikali. Mendel alikwenda kuufanya mwaka 1850. Kumbuka kwamba sayansi nyingi aliyoijua alijisomea mwenyewe. Upande wa fizikia alionekana ana uwezo. Upande wa historia ya asili, yaani jiolojia na elimu ya wanyama, hakuridhisha. Alipoulizwa kuhusu wanyama wanyonyeshao, alijibu zaidi kama mtoto wa mkulima kuliko kama mtaalamu, bila majina na mpangilio wa kisayansi ambao watahini waliutarajia. Akafeli.

Lakini mmoja wa watahini, Andreas Baumgartner, mtaalamu wa fizikia, aliona kwamba kilichopungua kwa kijana huyu ni shule na siyo akili. Alishauri apelekwe chuo kikuu. Abate Napp alisikia ushauri huo, akamwombea ruhusa kwa askofu, na abasia ikakubali kugharimia. Mwezi Oktoba 1851, Padre Gregor, akiwa na umri wa miaka 29, aliingia darasani Chuo Kikuu cha Vienna pamoja na vijana waliokuwa wadogo kwake.

Miaka miwili ya Vienna

Alikaa Vienna hadi 1853. Alisoma fizikia, hisabati, kemia, elimu ya wanyama na elimu ya mimea. Hakwenda kuchukua shahada, na hakurudi nayo. Alichorudi nacho kinaweza kuonekana tukiwatazama walimu wake watatu.

Wa kwanza ni Christian Doppler, yule ambaye jina lake limebaki katika fizikia kwa sababu ya kueleza jinsi mawimbi yanavyobadilika chanzo chake kinaposogea. Kwake Mendel alijifunza kazi ya maabara. Mwanafizikia hauulizi ulimwengu maswali yote kwa mara moja. Huchagua swali moja dogo, huzuia mambo mengine yasiingilie, kisha hupima.

Wa pili ni Andreas von Ettingshausen, aliyeshika nafasi ya Doppler. Huyu alikuwa pia mwanahisabati, na alikuwa ameandika kitabu kuhusu hesabu za michanganyiko, yaani kuhesabu njia zote ambazo vitu vichache vinaweza kupangwa pamoja. Ni hesabu ambayo mtu asingedhani ina uhusiano wowote na maua.

Wa tatu ni Franz Unger, mwalimu wa mimea. Alifundisha kwamba mmea umejengwa kwa seli na kwamba uzazi wake lazima uelezwe kwa kuanzia kwenye seli. Tena alifundisha kwamba aina za mimea hazikuumbwa zikiwa zimekamilika bali zimebadilika katika historia ndefu. Kwa sababu hiyo gazeti moja la Kikatoliki la Vienna lilimshambulia vikali. Mendel, padre mwenye kanzu, alikaa katika darasa la mtu huyo, akasikiliza, akachukua kilicho kweli. Hatuoni popote kwamba imani yake ilitikisika kwa hilo.

Fizikia ilimpa nidhamu ya swali moja, hisabati ikampa hesabu za michanganyiko, na elimu ya mimea ikampa seli. Masomo haya matatu yalifundishwa katika vyumba tofauti na watu tofauti, kama tunavyofundishwa sisi mantiki asubuhi na kosmolojia mchana. Yalikutana ndani ya mwanafunzi mmoja.

Bustani

Aliporudi Brno aliajiriwa mwaka 1854 kama mwalimu wa muda katika shule ya sekondari ya mji, akafundisha kwa miaka 14. Mwaka 1856 alijaribu tena mtihani wa ualimu. Aliugua katikati ya mtihani, akajitoa, na hakurudi tena. Kwa hiyo aliyefungua mlango wa elimu ya urithi alifundisha maisha yake yote bila cheti. Hata abasia yenyewe haikuwa salama, kwa maana katika miaka hiyohiyo askofu alifanya ukaguzi na kulalamika kwamba watawa wamezama mno katika elimu ya dunia. Napp aliwatetea watu wake, na nyumba haikufungwa.

Katika kipande cha bustani chenye urefu wa mita 35 na upana wa mita 7, Mendel alipanda njegere. Alianza na aina 34 alizozipima kwa miaka miwili ili kuhakikisha kila moja inazaa wanaofanana nayo, kisha akabakiza 22. Ua la njegere hujichavusha lenyewe likiwa limefumba. Hivyo alifungua tumba changa, akaondoa stameni kabla hazijakomaa, akapaka chavua ya mmea mwingine, na kufunika ua kwa kifuko ili mdudu asiharibu kazi. Alifanya hivyo kuanzia 1856 hadi 1863, akapitisha mikononi mwake mimea ipatayo 28,000.

Wengi wakati huo walidhani sifa za wazazi huchanganyika kwa mtoto kama maziwa na chai, na ukishachanganya huwezi kutenganisha tena. Mendel alichagua sifa saba tu, kila moja yenye sura mbili zilizo wazi: mbegu ya duara au yenye makunyanzi, mbegu ya njano au ya kijani, mmea mrefu au mfupi, na kadhalika. Alipochanganya njano na kijani, watoto wote wakawa wa njano. Kijani kilikuwa kimepotea. Akawaacha watoto hao wajichavushe, na kwa wajukuu kijani kikarudi, safi kama cha babu yake. Hapo akafanya kile ambacho wakulima na wataalamu wa mimea waliomtangulia hawakukifanya kwa utaratibu: akahesabu. Mbegu 6,022 za njano, 2,001 za kijani. Mbegu 5,474 za duara, 1,850 zenye makunyanzi. Karibu tatu kwa moja, kila mara.

Hakuishia hapo. Alichukua mimea 565 iliyotokana na mbegu za duara za kizazi hicho, akatazama wazao wao. Mimea 193 ilizaa duara tupu. Mimea 372 ilizaa mchanganyiko. Yaani kati ya wale watatu walioonekana sawa, mmoja ni safi na wawili wamebeba sifa nyingine iliyojificha. Moja kwa mbili kwa moja. Hii ni hesabu ya michanganyiko ya Vienna, ikitokea bustanini. Kila mzazi anatoa sehemu moja, sehemu hizo hukutana bila upendeleo, na hazipotezi utambulisho wake hata zikikaa pamoja.

Sisi wa falsafa tusipite haraka mahali hapa. Aristotle alifundisha kwamba katika uzazi baba hutoa umbo na mama hutoa maada. Mendel alilipima jambo la namna hiyo kwenye njegere. Alibadilisha wazazi, mara njano ikawa upande wa chavua, mara upande wa yai, na matokeo yakawa yaleyale. Baba na mama wanachangia sawa sifa hizo. Tunaweza kuendelea kumheshimu Aristotle katika metafizikia, lakini katika hili bustani imemsahihisha.

Kimya

Tarehe 8 Februari na 8 Machi 1865 aliwasomea matokeo yake wanachama wa Chama cha Sayansi ya Asili cha Brno, na mwaka 1866 yalichapishwa katika jarida lao. Aliagiza nakala 40 za peke yake na kuwatumia baadhi ya wataalamu. Mmoja wao, Carl Nägeli wa Munich, aliandikiana naye kwa miaka kadhaa lakini hakutambua uzito wa kazi ile. Mazungumzo yao yakageukia ua jingine, haierasiamu, ambalo Mendel alilifanyia majaribio mpaka macho yakamuuma. Hakujua, na hakuna aliyejua wakati huo, kwamba ua hilo mara nyingi hutoa mbegu bila kuchavushwa. Lisingeweza kamwe kufuata hesabu zake.

Mwaka 1868, baada ya kifo cha Napp, ndugu zake walimchagua kuwa abate. Muda wa bustani ukapungua. Aliendelea kufuga nyuki na kupima hali ya hewa, lakini miaka yake ya mwisho ililiwa na mgogoro na serikali kuhusu sheria ya 1874 iliyotoza monasteri kodi mpya. Aliona si haki, akakataa kulipa, na hakulegeza msimamo. Alifariki tarehe 6 Januari 1884, Sherehe ya Tokeo la Bwana, kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka 61. Mtunzi wa muziki Leoš Janáček alipiga kinanda katika Misa ya mazishi. Watu wa Brno walimlilia abate mwema na mwalimu mpole. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto.

Mwaka 1900 wataalamu watatu, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, walichapisha matokeo yaliyofanana na yake, na kazi ya 1866 ikafufuka. Haikupokelewa bila maswali. Mwaka 1936 mtakwimu Ronald Fisher alionyesha kwamba baadhi ya namba za Mendel zinakaribia mno zile zilizotarajiwa, na wataalamu wamejadili sababu tangu hapo. Lakini majaribio yamerudiwa mahali pengi, na kanuni imesimama.

Kutoka njegere hadi damu

Mendel hakujua kile kinachopita kutoka kwa mzazi hadi mtoto ni kitu gani. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake walionyesha kwamba ni DNA, na mwaka 1953 umbo lake likaelezwa. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walipata sababu ya makunyanzi ya njegere. Kipande cha DNA cha herufi zipatazo 800 kimejipachika ndani ya kinasaba kinachosaidia kutengeneza wanga. Mbegu hubaki na sukari nyingi, hunyonya maji mengi, na ikikauka hunywea. Hilo ndilo Mendel alilokuwa akilihesabu kwa vidole bila kuliona.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili haliishii kwenye njegere. Ugonjwa wa siko seli hurithiwa kwa hesabu ileile. Badiliko la herufi moja ya DNA hubadilisha himoglobini ya damu. Mwenye kinasaba kimoja cha namna hiyo kwa kawaida haugui, na hata hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kwa utafiti uliofanyika Uganda na Kenya. Lakini wazazi wawili wakiwa nacho, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Ni kila mimba upya. Kuzaa mmoja mgonjwa hakuwaandikii watatu wazima.

Sasa fikiria familia ambayo imezika mtoto, na wa pili anaanza kuvimba vidole. Majirani wananong'ona kuhusu uchawi. Ndugu wa mume wanasema mke ana mkosi. Watu hawa hawataanza kwa kwenda chuo kikuu. Watakuja parokiani, kwa padre au katekista. Padre anayejua kidogo tu alichokihesabu Mendel anaweza kuwaambia kwamba hakuna aliyewaroga, kwamba mama hakuleta ugonjwa peke yake kwa kuwa baba naye ametoa sehemu yake, na kwamba hospitali ipo na kipimo kipo. Anaweza kuwashauri wachumba wapime mapema. Asiyejua atawaombea, na sala ni njema, lakini ataiacha lawama juu ya mama bila kuiondoa.

Kwa sisi tulio katika malezi

Nimeandika haya nikiwafikiria pia wenzetu wanaotumwa kusoma sayansi vyuoni na wanaojiuliza kama wamepotea njia. Mendel alikaa darasani miaka miwili kwa utii, kwa fedha za nyumba yake ya kitawa, kwa sababu abate aliyaona mapungufu yake akauliza yanahitaji nini. Kilichotoka hapo hakikuonekana kwa abate yule, kwa askofu, wala kwa Mendel mwenyewe. Kimeonekana kwa madaktari wetu, na kinaweza kuonekana katika ofisi zetu za parokia tukikubali kujifunza.

Tuwaombee walezi wetu wapate jicho la Napp. Nasi tunapopewa somo ambalo hatuoni faida yake, tulisome.